Baridi ya Uzazi

Pale Makole, mwanamke akirudi kutoka hospitali na kichanga mkononi, majirani hawakuanza kwa kuuliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Waliuliza kwanza kama Bi Kuluthumu ameshaambiwa. Ikiwa bado, waliguna na kutazamana, maana waliona mzazi ameanza vibaya. Ikiwa ameshaambiwa walitulia, wakajua kesho asubuhi moshi wa kuni utapanda uani, na sauti yake nene itaamuru sufuria ikasuguliwe upya.

Kuluthumu binti Swalihu alikuwa mkandaji. Ufundi huo aliurithi kwa mama yake, mwanamke wa Busi kule Kondoa, aliyeolewa Dodoma mjini katika ukoo wa Waislamu ambao babu zao walifika na misafara ya biashara, wakapumzika, wakaona hakuna haja ya kuendelea. Kazi yenyewe ilikuwa ya asubuhi na jioni kwa siku arobaini. Alichemsha maji na majani ya mwarobaini, akachovya taulo, akalikamua na kulibandika tumboni mwa mzazi, kisha kiunoni, kisha mapajani, na mzazi akauma meno au akalia kabisa. Baada ya hapo alimfunga mkaja, kile kitambaa kirefu cha kukaza tumbo, akamfukiza udi, akamnywesha uji wa pilipili manga na kumfunika mablanketi hadi kidevuni. Ndipo alipomgeukia mtoto, akamwogesha na kumnyoosha viungo huku akimsema kama mtu mzima aliyechelewa kazini.

Kwa Kuluthumu shughuli yote hiyo ilikuwa vita, na adui alikuwa mmoja tu, baridi. Alifundishwa, na aliamini kama alivyoamini kwamba jua hutoka mashariki, kuwa mwanamke akishajifungua mwili wake unabaki wazi kama nyumba isiyo na mlango. Baridi ya uzazi ikiingia humo haitoki tena. Itamla mgongo, itamkausha maziwa, na uzeeni itamfanya alie kila mvua zikinyesha. Dawa yake ni moto. Maji ya moto, uji wa moto, chumba chenye joto.

Kwa miaka thelathini alikamua mataulo yaliyotoka kwenye maji yanayotokota, kwa mikono mitupu. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama ukoko wa wali. Kaa la moto likidondoka jikoni aliliokota kwa vidole na kulirudisha bila haraka, wasichana wakishika vinywa, naye alipenda sana wakishika vinywa. Alikuwa na majivuno, tusimpambe.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuzaa. Mganga hajigangi, walisema watu, wakasema hivyo akiwa ameshapita. Mumewe Yahaya, fundi wa kuchomelea vyuma huko Kizota, alivumilia miaka kumi na miwili, kisha akaoa mke wa pili karibu na karakana yake, na tangu hapo akawa mtu wa kuonekana siku za sikukuu akiwa na kilo ya nyama. Kuluthumu aliipokea nyama na kuipika. Ila katika nyumba za wazazi alikuwa mkali kuliko mama yeyote mzazi, na nadhani ukali ule ulikuwa njia yake ya kuwa na watoto.

Muuguzi mmoja wa kliniki, Zipora, Mgogo mpole mwenye maneno machache, aliwahi kuwakusanya wakunga na wakandaji kwenye semina ya siku mbili. Aliwaambia kwamba kabla ya maji ya moto wampime mzazi joto, na akiwa na homa wasimguse, wamlete. Akagawa vipima joto vya kioo. Kuluthumu alikirudisha chake mbele ya watu, akanyoosha mikono yake na kusema kipima joto anacho tangu enzi za mama yake. Ukumbi ulicheka. Zipora naye alitabasamu, akakirudisha kile kioo kwenye kiboksi chake.

*

Mwaka 1997, mwezi wa Juni, aliitwa kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba viwili nyuma ya duka la mitumba. Waliomwita walikuwa watu wa Bukoba. Ludovick alikuwa karani kwenye ofisi za Bunge, kijana mrefu anayetembea ameinama kidogo kama anayeogopa kugonga kichwa. Mkewe Paskazia alikuwa na miaka ishirini na mbili na mimba yake ya kwanza ya miezi minane. Hawakuwa na ndugu hata mmoja Dodoma.

Ilikuwa imepangwa hivi: mama yake Paskazia, aliyeitwa Mama Thobias kwa jina la mwanawe wa kwanza, aje amkalie bintiye kama ilivyo desturi. Lakini mwaka uliotangulia meli ilizama ziwani na watu wengi mno, wengine wao wa kijijini kwake. Tangu hapo Mama Thobias hakutaka hata kuyatazama yale maji. Aliandika barua kwamba asubiriwe, moyo ukitulia atakuja. Moyo haukutulia, na mimba haikusubiri.

Paskazia alimsomea Kuluthumu barua ile, akaikunja vizuri na kuomba jambo moja kwa aibu.

"Wewe ndiye utakuwa mama yangu hapa," alisema. "Naomba usinichoke."

Kuluthumu alimjibu kwa ukali kwamba hakuna anayemchoka mtoto kabla hajazaliwa, aache maneno mengi, aonyeshe sufuria zilipo. Alipofika nyumbani kwake alikaa kitandani na viatu vyake miguuni, akarudia peke yake lile neno, mama, mara mbili tatu. Wengi walimwita hivyo kwa heshima ya umri. Huyu alikuwa amemwomba.

Paskazia alijifungua salama hospitali, siku ya Jumapili, mtoto wa kike aliyepewa jina Brightness. Jumatatu alirudi akitembea mwenyewe. Siku za mwanzo zilikuwa za raha, na Kuluthumu aliziishi kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Mzazi alikandwa bila kulia, akifanya ishara ya msalaba wakati mkandaji akisema bismillahi, kisha wote wawili wakicheka. Maziwa yalitoka. Madukani siku hizo, tangu biashara ilipofunguliwa, maziwa ya kopo yalipangwa hadi darini, na Ludovick alinunua moja kwa tahadhari. Kuluthumu alilisukuma nyuma ya kabati na kumwambia ng'ombe wa mtoto huyu yuko kitandani. Alianza kulala pale pale, sebuleni, kwenye mkeka. Hakuwahi kulala kwa mzazi yeyote kabla ya huyo.

Ludovick hakuonekana sana. Ulikuwa wakati wa kikao cha bajeti, ofisini wakitoka usiku, na juu ya hayo watumishi walikuwa wanapunguzwa kazini. Kila mtu aliogopa kuomba ruhusa, jina lake lisije likaonekana kwenye orodha. Alirudi, akamtazama mkewe na mwanawe wakiwa wamelala, akamshukuru Kuluthumu, akaondoka alfajiri.

Alhamisi jioni Paskazia alianza kutetemeka. Mwezi ule upepo wa Dodoma hupenya hata ukutani. Mji mzima ulikuwa umevaa makoti ya mitumba na hakuna aliyeona ajabu mtu akitetemeka. Meno yake yaligongana hata akashindwa kushika kikombe.

"Mama, nasikia baridi," alisema.

Hakuna neno lingine ambalo Kuluthumu alilisubiri kama hilo. Adui yake amefika mlangoni, katika nyumba hii kuliko nyumba zote. Alichochea kuni, akachemsha sufuria ya pili, akamkanda mara mbili badala ya mara moja, akamwongezea blanketi lake mwenyewe. Kutetemeka kukaisha. Paskazia akatoka jasho hadi shuka likalowa, naye Kuluthumu akalifurahia lile jasho, akamwambia baridi ndiyo hiyo inatoka.

Ijumaa jioni ikarudi. Akazidisha pilipili kwenye uji na kuziba pengo la dirisha kwa kitambaa. Kila alipomgusa, mwili ulikuwa wa moto, na ungewezaje kuwa vinginevyo, mwili umetoka kukandwa? Ile mikono yake ilijua tofauti ya maji yanayotokota na yaliyopoa. Joto la mwanadamu mgonjwa lilikuwa dogo mno kwake, mikono ilishaacha kulitofautisha na joto la taulo miaka mingi nyuma, na yeye hakujua. Jumamosi aliona mzazi hana hamu ya uji na anamtazama mtoto kama anayetazama mtu wa mbali. Palikuwa na harufu pia, nyepesi, isiyopendeza, alipobadilisha vitambaa. Akafukiza udi zaidi, na harufu ikafunikwa.

Jumapili Ludovick alikuwa nyumbani. Aliingia chumbani kumletea mkewe chungwa, akamkuta anaongea Kihaya na mama yake, anamwambia ashuke kwenye meli taratibu, ubao unateleza. Ludovick akaweka mkono shingoni mwake, mkono wa karani, laini. Akauondoa haraka.

"Mama Kuluthumu," alisema, "mbona anaungua?"

*

Zamu ya siku ile wodini ilikuwa ya Zipora, aliyekuwa amehamishwa kutoka kliniki. Alimpokea Paskazia, akampima, akakisoma kile kioo, akakisoma tena. Kisha akachukua kalamu na kuuliza homa imeanza lini.

Ludovick alimgeukia Kuluthumu. Ilikuwa haki yake kumgeukia, maana nani mwingine angejua? Mwanamke huyu alijua mzazi amekula vijiko vingapi vya uji, amelala upande gani, amekwenda chooni mara ngapi. Kuluthumu alianza kuhesabu siku kwa vidole, akaanza upya. Ludovick akamsaidia, masikini, akasema mkewe hakuwa na homa, alikuwa na baridi tu, kuanzia Alhamisi, na mama amehangaika kumkanda mpaka amechoka.

Zipora aliacha kuandika. Hakuinua sauti, na angeiinua ingekuwa nafuu.

"Bi Kuluthumu," alisema, "baridi ile ndiyo homa yenyewe."

Daktari alieleza kwamba kipande kidogo cha kondo la nyuma kilibaki tumboni, jambo linaloweza kumpata hata aliyehudumiwa vizuri, nacho kikaoza. Angewahishwa Alhamisi au hata Ijumaa, wangemsafisha na kumpa dawa. Walimsafisha na kumpa dawa siku ile ile, lakini sumu ilishaingia kwenye damu. Paskazia alifariki Jumanne mchana. Kuluthumu alikuwa amekaa nje ya wodi na mtoto mapajani, akimnywesha kwa kijiko maziwa ya kopo lile alilolisukuma nyuma ya kabati, na mtoto aliyataka, akayafuata kwa mdomo kila kijiko kilipoondoka.

Zipora hakumwambia mtu yeyote habari za semina na kile kipima joto. Hilo nalo lilimlemea Kuluthumu. Paskazia alizikwa Dodoma, kwa sababu Bukoba ni mbali na mfuko wa karani ni mfupi, na makaburini Ludovick alisimama mbele ya watu wa ofisini na majirani akamshukuru. Alisema mama huyu alimtunza mke wake usiku na mchana, akavua hata blanketi lake akampa, na kwamba yeye, Ludovick, alipokuwa anapigania kazi, mkewe hakufa akiwa mkiwa. Wanawake wa Makole wakaitikia Mungu amlipe. Kuluthumu aliinamisha kichwa, watu wakadhani ni unyenyekevu. Wakati wote wa matanga hakukaa mkekani na wafiwa. Alikaa jikoni, akaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, na hakutoa chozi, maana aliona machozi ni ya watu wenye haki nayo.

Hakumkanda mtu tena. Walikuja kumwita mara mbili, akasema mgongo unauma. Lakini mtoto hakumwacha. Alimwogesha, akamlisha, akamnyoosha viungo, na kila mara kabla ya kumwogesha alimwita msichana wa jirani atie kiwiko kupima maji, yeye mwenyewe hakuiamini tena mikono yake hata kwa maji ya kuoga.

Siku ya tano baada ya mazishi, Mama Thobias alifika. Alikuwa amevuka ziwa. Alifunga macho, alisema, tangu bandari hadi bandari, akishika rozari, na baada ya hapo akapanda treni. Alikuwa mwanamke mwembamba, wa umri wa Kuluthumu au chini yake kidogo, amevaa khanga mbili zisizofanana. Hakulia kwa sauti. Alikaa ukutani na kurudia jambo lile lile kwa kila aliyekuja kumpa pole: kwamba aliogopa maji, na woga wake ndio uliomuua mwanawe. "Ningekuja mimi," alisema, "angepona." Walimwambia ni kazi ya Mungu. Aliwaitikia kwa heshima, na mgeni mwingine akija alianza upya: ningekuja mimi.

Kuluthumu alisikia maneno hayo kutoka jikoni siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemlaumu, na yule mama angeondoka wiki inayofuata na mjukuu wake, wasionane tena duniani. Lakini mwanamke anajipiga kwa fimbo isiyo yake, na mwenye fimbo yuko jikoni anaosha sahani. Siku ya nne hakuweza.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, Ludovick amekwenda ofisini, majirani wametawanyika. Mama Thobias alikuwa uani peke yake, mtoto amelala mgongoni mwake. Kuluthumu alifuta mikono, akaenda akasimama mbele yake, hakukaa.

"Mama Thobias, usililaumu ziwa," alisema. "Mwanao alikuwa na homa kuanzia Alhamisi, na mimi namkanda. Alitetemeka, nikasema ni baridi ya uzazi. Nikamzidishia maji, nikamfunika. Kulikuwa na harufu, nikafukiza udi. Hospitali walisema angewahi angepona. Mimi ndiye nilimchelewesha. Niliwahi kufundishwa, nikafanya mzaha."

Alisema yote bila kupumzika, kisha akangoja. Alitaka kutukanwa. Alikuwa amejiandaa hata kupigwa, na kwa kweli angelipokea kofi kama maji ya kunywa.

Mama Thobias hakusogea. Alimtikisa mtoto mgongoni kidogo, ingawa mtoto hakuwa amelia.

"Alikuwa anatetemeka jioni?" aliuliza.

"Jioni."

"Halafu anatoka jasho."

"Jasho jingi. Nikamwambia baridi ndiyo inatoka."

Mama Thobias aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayefuata njia anayoijua. Akatazama mafiga yaliyokuwa pembeni, na ile sufuria kubwa iliyofunikwa kifudifudi. 

"Na sisi kwetu tunakanda," alisema mwishowe. "Mama yangu alinikanda mimi hivyo hivyo. Hata mimi ningesema ni baridi. Ningeongeza kuni."

Alipomaliza kusema hayo ndipo yeye mwenyewe alipoyasikia. Kuluthumu aliona uso wake ukibadilika. Njia nzima kutoka Bukoba, majini na kwenye reli, mwanamke huyu alikuja na kitu kimoja cha kushika: kwamba mahali fulani palikuwa na mkono ambao ungemwokoa mwanawe, na mkono huo ulikuwa wake. Kilikuwa kinamchoma, lakini alikishika. Sasa hata hicho hakuwa nacho. Binti yake alikuwa na mama wawili, mmoja ng'ambo ya ziwa na mmoja kando ya kitanda chake, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye angemfikisha hospitali.

Mama Thobias akafungua mbeleko taratibu, akamnyooshea Kuluthumu mtoto. Kuluthumu akampokea, akakaa naye chini, ubavu kwa ubavu. Tangu afike, Mama Thobias alikuwa akililia ziwa. Mchana ule ndipo alipoanza kumlilia Paskazia, kwa jina lake, kwa sauti, na Kuluthumu akalia naye.